Kiti cha Wanling

Ukurasa ulijifungua upya, na hakuna aliyeugusa.

Kilikuwa kitu kidogo, kama unywele kwenye sahani ya wali, na mtu mwenye haraka zake angeumeza akaendelea kula. Lakini Liao Yunju hakuwa mtu wa kumeza nywele. Tangu chuoni alijulikana kwa ubishi: wenzake wakishukuru kwa jibu la kwanza, yeye alikuwa bado na swali la pili.

Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana. Dada Hsiu, karani wa ofisi, alikwisha kuzima taa na kushusha mapazia, na ghorofa nzima ililala kifudifudi mezani. Wengine walikumbatia mito yao midogo, wengine walijifunika koti usoni, na vikombe vya chai ya maziwa vilikuwa vikitoka jasho pembeni mwao. Ukiingia ghafla ungedhani sumu imepita ikaua wote. Yunju peke yake alikuwa macho, na ndiye aliyeona skrini yake ikipepesa kizani. Ukurasa wa keki za mwezi ulizimika, ukawaka. Ukazimika tena, ukawaka.

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa mapajani.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza, maana ukurasa ule haukuwa na ruhusa ya kujifungua wenyewe. Ulifunguliwa na Kijakazi. Ndivyo Bosi Fang alivyoibatiza programu iliyowafanyia kazi zile za kuchosha, zile zinazorudiwa mpaka mtu anaota nazo. Ukihifadhi faili moja tu, Kijakazi huamka. Huunganisha vipande vya msimbo, huvibana, hupunguza uzito wa picha, hukagua makosa, kisha huufungua upya ukurasa kwenye kivinjari uone ulichokifanya. Kila kazi ikiisha huandika neno moja: *Imekamilika*. Zamani mtu alizifanya zote kwa mkono, mara mia kwa siku. Siku hizi zilijifanya zenyewe, mradi mtu amehifadhi faili.

Sasa nani alikuwa amehifadhi?

Taa zilipowashwa, Yunju alimgeukia jirani yake wa meza, Akai, mkongwe wa ofisi, mwanamume mwenye kitambi na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Kaka Akai, umegusa faili zangu?"

"Mimi? Binti, mimi nilikuwa nakoroma. Muulize Dada Hsiu, nusura anitupie kiatu."

"Kuna mtu amehifadhi kitu wakati wa kulala."

Akai aliacha kutabasamu. "Mwezi wa saba huu," akasema kwa sauti ndogo. "Maswali mengine yaache yalale."

Kweli ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi ambao milango ya kuzimu huachwa wazi na ndugu wema hutembea mitaa ya Taipei wakitafuta cha kula. Ndugu wema, ndivyo wanavyoitwa, maana jina lao halisi halitajwi. Mwezi huo hakuna ahamaye nyumba, hakuna aanikaye nguo usiku, na juu ya yote hakuna amgusaye mwenzake bega. Kila mtu ana taa tatu, moja utosini na mbili mabegani. Bega likiguswa taa huzimika, na penye giza mgeni hupata mlango. Yunju hakuyaamini hayo, ila mabega ya watu hakuyagusa. Kutoamini ni jambo moja, kugombana na ofisi nzima ni jambo jingine.

Na hakuwa katika hali ya kugombana. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Ofisi zilizotangulia zilimpima kwa macho zikamuuliza kama anajua kupokea wageni. Hii ndiyo ya kwanza iliyomuuliza kama anajua kuandika msimbo. Baba yake kule Chiayi alikwisha kuwaambia majirani kwamba msichana wa kompyuta ataishia kuuza makava ya simu, naye Yunju aliapa kumrudishia maneno hayo siku atakayosaini ajira ya kudumu. Kilichobaki ni tovuti ya keki za mwezi, zile za sikukuu ya mwezi mpevu. Ikifunguliwa salama, kiti ni chake. Ikiharibika, basi.

Kiti chenyewe kilikuwa kizuri, cha dirishani, chenye mgongo mrefu. Wengine walibanana karibu na choo ilhali kile kilikaa kitupu mwaka mzima mpaka akaja yeye. Alipopewa alifurahi. Kumbe kiti kizuri kisichogombewa kina habari zake.

*

Lazima lisemwe pia alilolifanya siku moja kabla ya ukurasa kupepesa, kwa sababu alipomuuliza Akai yeye mwenyewe alilificha.

Alikuwa akimsafisha Kijakazi. Juu kabisa ya faili, kabla ya kazi nyingine zote, alikuta kazi moja inayoitwa *wanling*. Ndani yake hamkuwa na kitu, mabano mawili tu yaliyokumbatia hewa. Lakini kazi zote zilizobaki ziliamriwa ziingoje kwanza: *wanling* ikamilike, ndipo nyingine zianze. Juu yake mtu alikuwa ameandika: *Usifute. Usiulize.*

Lingekuwa ni lile "usifute" peke yake, labda angeliheshimu. Ni "usiulize" iliyomchoma. Ofisi ngapi zinaendeshwa kwa neno hilo? Wasichana wangapi wameambiwa hivyo hivyo, shika ulichopewa usiulize? Aliichagua ile kazi tupu, akabonyeza, akaifuta. Kijakazi alifanya kazi kama kawaida. Yunju akacheka peke yake: unaona sasa, ilikuwa haina maana yoyote.

Siku mbili baada ya ukurasa kupepesa, mwenye keki alipiga simu. Chini kabisa ya ukurasa, chini ya picha za keki za kiini cha yai na za maharage mekundu, palikuwa na maandishi madogo ya kijivu: *Tseng Wanling*. Mteja aliuliza kwa upole huyo ni nani, maana hayumo katika familia yao.

Dada Hsiu aliyepokea simu aliishusha taratibu kama mtu aliyeshika yai. Mtu mmoja aliinuka akaenda kuongeza pakiti ya kijani ya bisi za nazi juu ya seva, zile zinazowekwa ili mitambo iwe na adabu. Hakuna aliyemcheka.

Bosi Fang alimwita Yunju chumbani mwake. Alikuwa mtu wa mashati meupe, anayeongea taratibu kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara wake.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Hakuna, Bosi. Nimelikuta ndani ya Kijakazi, nikalifuta."

"Ukalifuta halafu ukalipeleka kwa mteja?"

"Sikulipeleka. Na hata ningetaka lisingefika. Kijakazi hufuta majina yote yanayoandikwa ndani ya msimbo, ndiyo kazi yake. Jina lolote linafia humo."

"Kumbukumbu ya mabadiliko ya faili inasema Liao Yunju, jana katikati ya mapumziko."

"Saa hiyo nilikuwa nimelala."

"Basi mikono yako haikulala." Alisema kwa kumkejeli, lakini macho yake yalikuwa yakimchunguza vidole. "Jina hilo likionekana mara nyingine, chukua kikombe chako uende. Majaribio ni majaribio."

Yunju alitoka akiwa na hakika moja: kuna mtu anataka aondoke. Na nani kama si Akai? Akai mwenye funguo zote, Akai aliyejua jambo akalificha nyuma ya mwezi wa saba. Tangu siku hiyo alimchunga kama paka anavyochunga tundu. Akai akienda kunywa maji, anamhesabia hatua. Akai akigusa kipanya, anachungulia. Akai naye, kila Yunju alipojinyoosha, alikuwa akimtazama mikono.

"Unaniangalia nini, Kaka Akai? Nina deni lako?"

"Na wewe je? Tangu asubuhi unanikodolea kama samaki wa sokoni."

"Nasubiri ukosee."

"Subiri tu, binti. Mimi nasubiri uamke."

Hakulielewa neno hilo. Lakini ni kweli usingizi wake ulikuwa umebadilika. Zamani alijilaza mezani kama kuku, jicho moja wazi. Sasa Dada Hsiu akizima taa, ilikuwa kana kwamba mtu amemzima yeye. Alizama. Taa ziliwashwa, wenzake wakaamka, wakanawa uso, wakarudi, naye bado yuko chini, na alipoinuka viwiko vilimuuma na ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi. Tena kulikuwa na harufu, kali na baridi, ya mafuta ya mnanaa na kafuri, yale ambayo watu hupaka kichwa kikiwagonga. Alinusa meza, akanusa koti, akamnusa hata Akai alipopita. Mwishowe akapitisha kiganja kwenye kisogo chake mwenyewe, akakileta puani. Kisogo kilikuwa kimepakwa.

*

Akatega. Aliisimamisha simu yake nyuma ya chungu cha dungusi kakati, ikitazama meza, akaiwasha irekodi, akajilaza na mikono yote miwili chini ya shavu. Leo, alijiambia, leo utaonekana, mwanaharamu wewe.

Alipoamka alikimbilia chooni, akajifungia, akatazama.

Mwanzoni hakuna kitu. Giza la mchana, mwanga wa skrini, kichwa chake mwenyewe kimelala juu ya mikono. Kisha mkono wa kulia ukajichomoa polepole chini ya shavu, kama nyoka anayetoka chini ya jiwe asitake kulisogeza, na wa kushoto ukaufuata, na kichwa kikabaki palepale, mdomo nusu wazi, macho yamefumba, akipumua kama mtoto, huku mikono ile ikipanda juu ya kibodi na kuanza kuandika, kwanza taratibu, halafu haraka, haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani mwake, bila kusita na bila kufuta hata herufi moja, na kwenye skrini Kijakazi akawa anaamka na kulala, anaamka na kulala, *Imekamilika, Imekamilika, Imekamilika*, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeinuka juu, kimenyooka, hakigusi kitu, kama cha mtu ambaye kidole hicho humuuma; na Yunju, aliyejijua vidole vyake vyote kumi, alijua kwamba hakuwahi kuandika hivyo hata siku moja.

Alimkamata Akai kwenye lifti, akamshusha hadi dukani chini, wakaketi kwenye viti virefu karibu na sufuria la mayai yanayochemshwa katika chai. Akamwekea simu mbele.

Akai alitazama. Yai alilokuwa akilimenya likabaki nusu mkononi.

"Hicho kidole," akanong'ona. "Ee mama. Hicho kidole ni chake."

"Cha nani? Na safari hii nikisikia mwezi wa saba, nitakumwagia mchuzi wa sufuria hii."

Akai akasema. Tseng Wanling ndiye aliyekalia kiti cha dirishani kabla yake. Kidole kile aliwahi kukiunguza, hakikupona sawasawa. Na Kijakazi ni yeye aliyemtengeneza, peke yake, jioni baada ya jioni, ili watu wawahi nyumbani. Bosi Fang alipoona kazi ya siku nzima inakwisha kabla ya chakula cha mchana, hakumruhusu mtu kuwahi nyumbani. Alileta wateja maradufu. Akampa Kijakazi jina hilo, akaenda kumsifia mbele ya watu kwenye mikutano kama mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Halafu?"

"Halafu mwaka jana, mwezi huu huu, akalala mchana." Akai aliweka yai chini. "Taa zikawashwa, hakuinuka. Tukasema amechoka, maskini. Kumwita tukaona haya, kumgusa bega tukaogopa, si unaujua mwezi wenyewe. Na skrini yake, Yunju, skrini yake ilikuwa inaendelea. Alikuwa ameunganisha Kijakazi na faili za ofisi nzima. Kila mmoja wetu akihifadhi, kwake inaandika *Imekamilika*. Tukipita tunaona *Imekamilika*. Bosi alipita, akaangalia skrini, akasema, mnaona mfanyakazi huyo? Mpaka jioni. Dada Hsiu alipokwenda kuzima taa ndipo alipomkuta wa baridi."

"Mlimwacha mchana kutwa."

"Mashine ilisema yuko kazini."

"Na wewe ukaandika ile kazi tupu."

"Hakuwa ameolewa. Kwao hawakumpa nafasi kwenye madhabahu ya ukoo. Binti asiyeolewa, wanasema, hana pake. Nikaona angalau awe na pake humu, mbele ya wote. Pahali pasipo na kazi yoyote. Sisi wote tumngoje kidogo kabla hatujaanza." Akamtazama kwa mara ya kwanza bila kuficha kitu. "Tangu siku ile alitulia. Mpaka ulipopafuta."

Yunju aliinamisha kichwa. Wanling, binadamu mzima, alikuwa na pahali pamoja tu duniani, mabano mawili na hewa katikati, na yeye ndiye aliyepabomoa. Kwa ubishi.

*

Angeirudisha kazi ile saa hiyo hiyo. Lakini kwanza, kwa kuwa alikuwa bado anaamini kwamba ukweli ukionyeshwa hutosha, alimpelekea Bosi Fang ile video ili amwondolee lawama.

Bosi Fang aliitazama mara moja, akaitazama tena. Yunju akashangaa kuona kwamba hatazami mikono. Anatazama skrini iliyo nyuma ya mikono.

"Kurasa zote hizi," akasema taratibu, "zimeandikwa ndani ya mapumziko?"

"Bosi, mimi nilikuwa nimelala! Huyo si mimi!"

"Sawa, sawa. Usiguse chochote. Nitamleta mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa Mwalimu Shih, mama wa makamo kutoka hekalu la ng'ambo ya mto, aliyekuja amevaa raba na koti la mvua, akitafuna tangawizi. Siku hiyo meza ya sadaka ilikuwa imeandaliwa mlangoni kwa ajili ya ndugu wema: biskuti, soda, mapapai, beseni la maji na taulo safi ili wageni wanawe. Ofisi yote ilisimama na udi mikononi. Mwalimu Shih aliingia hadi kwenye kiti cha dirishani, akanusa.

"Mnanaa," akasema. "Kichwa kinamuuma bado huyu."

Akatoa vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, roho imekubali. Vyote kifudifudi, imekataa. Vyote chali, inakucheka.

"Unataka chakula?" Mbao zikaanguka. Hapana.

"Unataka kuondoka?" Zote chali. Watu wakarudi nyuma.

"Anacheka," Mwalimu Shih akasema. "Nami ningecheka. Aende wapi, na hamna aliyemfungulia mlango?" Akamgeukia Yunju. "Wewe ndiye unayekalia hapa? Una dalili za mtu anayezimwa. Usilale tena kwenye kiti hiki mpaka nimalize."

Kisha Bosi Fang akamchukua Mwalimu Shih chumbani mwake, akafunga mlango wa kioo. Mlango wa kioo huficha sauti kwa watu wasio na hamu ya kusikia. Yunju alijisogeza kwenye mashine ya maji, akafungulia matone, akategea.

"...sikukuita umfukuze," Bosi alikuwa akisema.

"Unataka nimfuge."

"Nataka abaki afanye kazi. Keki zinafunguliwa wiki ijayo, na kazi hii hata watu wanne hawaiwezi."

Kisha sauti ya Mwalimu Shih, nzito. "Kumfuga si kazi ngumu. Ile kazi tupu uliyonieleza ndiyo ilikuwa kitanda chake. Isirudishwe, na atafanya kazi mpaka mwisho wa dunia. Ila nisikilize vizuri, Bosi Fang. Ndugu wema hawamjui mwajiri. Wanamjua aliyekalia kiti."

"Kiti kina mtu," Bosi akasema.

Kikombe kilifurika mkononi mwa Yunju, maji yakamwagikia kiatu.

Hazikupita dakika nyingi akaitwa. Mwalimu Shih alikwisha kuondoka, na kuizunguka kompyuta ya dirishani palikuwa na uzi mwekundu wa kufungia roho. Mezani kwa Bosi kulikuwa na karatasi za ajira ya kudumu zenye jina lake, Liao Yunju, limepigwa chapa safi kabisa. Kitu chenyewe alichokitaka. Aliiona sura ya baba yake akiwaambia majirani.

"Hongera," Bosi Fang akasema. "Sharti moja dogo. Kiti ni hicho hicho, na mapumziko ya mchana unalala hapo kila siku. Ni kwa afya yako."

"Bosi, naomba kuuliza swali la pili."

"Na la kwanza liko wapi?"

"La kwanza nilikuwa nauliza nani anaandika. Nimeshajibiwa. La pili ni hili: yule dada alipokuwa hai alikutengenezea chombo ili watu wapumzike, ukakigeuza mjeledi. Amekufa akiwa kazini, ukamsifu maiti kwa bidii yake. Sasa hata baada ya kufa bado unamtaka kazini, na mwili wa kumvalisha ni wangu. Nauliza: kwako wewe, mtu humaliza kazi lini?"

Uso wa Bosi Fang haukubadilika. "Una mdomo mzuri. Mdomo haulipi kodi ya nyumba. Saini, au kesho kuna mwingine kwenye kiti."

"Hilo la mwingine ndilo linaloniudhi zaidi," Yunju akasema, akaziacha karatasi mezani.

Dada Hsiu alikuwa ameanza kuzima taa. Safu kwa safu ofisi iliingia gizani, vichwa vikainama. Yunju aliketi kwenye kiti cha dirishani, akavuta ule uzi mwekundu ukakatika, akafungua faili la Kijakazi. Usingizi ulikuja hapo hapo, si kama usingizi, kama maji yanayopanda ndani ya gari lililofungwa, magotini, kifuani, shingoni, na harufu ya mnanaa ikasimama nyuma yake karibu kiasi kwamba nywele za kisogo zililowa, na vidole vyake vikaanza kupoa kimoja kimoja kuanzia kile cha mwisho cha kushoto, ambacho kiliinuka taratibu, kikanyooka, kikabaki juu.

"Dada Wanling," akanong'ona, ulimi mzito. "Sikuja kupigana nawe. Ni mimi niliyekufuta. Nisaidie nikurudishe."

Akangoja kunyang'anywa mikono. Haikunyang'anywa. Waliandika pamoja, yeye na baridi ile, herufi kwa herufi: jina, mabano, hewa. Juu yake hakuandika usiulize. Aliandika: *Hapa amepumzika Tseng Wanling, aliyekitengeneza chombo hiki. Mngojeni.* Akahifadhi.

Kijakazi akaamka. *wanling: Imekamilika.* Na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza tangu Yunju aijue ofisi ile, hakikufuata kitu. Ukurasa ukatulia. Maji yakashuka shingoni, kifuani, magotini. Vidole vikarudi kuwa vyake.

Aliinuka, akatembea hadi ukutani, akawasha taa zote kabla ya wakati. Watu waliinua nyuso zenye alama za mikunjo ya mikono, wakifikicha macho. Mbele yao wote akarudi kwenye kile kiti kitupu, akaweka kiganja kwenye mgongo wake, pale ambapo bega la mtu lingekuwa.

"Weee!" Dada Hsiu akapiga kelele. "Mwezi wa saba huu, usiguse!"

"Dada Wanling," Yunju akasema kwa sauti, "amka. Watu wanakwenda nyumbani."

Akachukua kikombe chake, akaondoka.

*

Siku ya kufunguliwa kwa tovuti ya keki za mwezi, Yunju alikuwa kibandani anakula tambi za chaza baada ya kuhojiwa kazi kwingine, walikomwuliza tena kama anajua kupokea wageni. Simu ikalia. Alikuwa Akai, na alikuwa akinong'ona.

"Ameifuta."

"Nani kafuta nini?"

"Bosi. Ile kazi tupu. Jana jioni, kwa mkono wake. Kisha akatafuta wa kukalia kile kiti. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine macho, mwingine bibi yake kamkataza. Akatutukana wote wavivu. Leo amekalia mwenyewe."

Yunju aliweka vijiti chini. "Na sasa?"

"Amelala. Taa zimewashwa zamani, Yunju. Tumenawa uso, tumerudi, bado amelala. Na skrini yake..."

"Usiniambie."

"*Imekamilika*. Mfululizo."

Nyuma ya sauti ya Akai Yunju aliisikia kibodi, nyepesi, ya haraka, haisiti. Na kibandani pale, katikati ya mvuke wa tambi na kitunguu saumu, pua yake ikanasa kitu kikali cha baridi.

"Mwamshe."

"Mwezi haujaisha..."

"Akai! Mwaka jana mlisema hivyo hivyo. Tulimlaani Bosi kwa kuangalia skrini, na sisi tuangalie skrini? Mshike bega. Mwite jina lake."

Akai alipumua kwa nguvu. Viatu vyake vikasikika sakafuni, polepole, vikasimama. "Bosi," alimsikia akisema. "Bosi Fang. Bosi, amka." Halafu kibodi tu.

"Umemshika?"

"Nimemshika. Bega ni la baridi."

"Ameinua kichwa?"

"Kichwa hakijainuka," Akai akasema, na sasa alikuwa analia. "Kilichoinuka ni kidole."